Mwanasesere Aliyeshonwa Bila Fundo

Msiniambie ni polio. Kila nikianza kisa hiki hutokea kijana aliyesoma, anakohoa kidogo, halafu ananiambia, "Bibi, huo ulikuwa ugonjwa wa polio." Mimi nilikuwepo. Yeye hakuwepo, na hata baba yake alikuwa hajazaliwa. Nilimwona yule mwanamke mchana kweupe, nikamkaribisha kwangu, nikampa mkeka akakaa, akanipiga kofi la mkono kwa sababu nilikuwa nashona vibaya. Polio inampiga mtu kofi? Basi tulieni mnisikilize, na asiyetaka kuamini aende zake akalale.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, katika ile vita ya Hitla. Vita yenyewe ilipiganwa mbali, lakini nguo ziliadimika mpaka kwetu. Dukani kwa Mhindi watu walipanga foleni toka alfajiri, na ukifika mbele unaambiwa vimebaki viberiti. Niliwaona kwa macho yangu wanaume wazima wamevaa magunia ya katani, wametoboa mahali pa kichwa na pa mikono. Mimi nilikuwa na jozi moja ya kanga na kaniki moja ya kushindia, basi. Sisemi haya kwa kujitetea. Nataka tu mjue kipande cha merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, wakati ule kilikuwa kitu gani.

Nilikuwa bado msichana, nimeolewa kutoka Handeni na Selemani, mkata mkonge wa shamba moja upande wa Mazinde. Tulikaa kambini, chumba kimoja katika zile nyumba za safu. Mimba zangu mbili zilikuwa zimetoka, na majirani walishaanza kunitazama tumbo kabla ya uso. Halafu dada yangu akafa kule Handeni kwa homa, akaacha binti wa miaka minne hivi, jina lake Zaina. Baba wa mtoto alichukuliwa vitani na hatukupata habari zake tena. Nikamfuata mtoto, nikampandisha gari moshi Korogwe, nikaja naye kambini. Bibi yake mzaa baba aliniambia pale pale mlangoni kwamba mtoto akikonda atakuja kumchukua, maana mimi kulea sijui, sijawahi kuzaa. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu.

Kumbe alikuwa na haki ya kuogopa. Zaina hakunitaka. Hakuniita mama mdogo, hakuniita chochote. Akitaka maji ananyoosha kidole kwenye mtungi. Alikula akijisikia. Alichokipenda ni kimoja tu, gunzi la hindi alilolifunga kitambaa cha kanga ya marehemu mama yake. Kwetu Handeni ndio mwanasesere, kila mtoto wa kike amewahi kubeba gunzi mgongoni. Huyo gunzi alilala naye, alimwimbia, alimlisha uji. Siku moja mbuzi wa nyapara akaingia ndani akamla gunzi pamoja na kitambaa chake. Nilimfukuza yule mbuzi kwa mchi mpaka mlangoni kwa mwenyewe, nikamtukana mbuzi na nyapara kwa pamoja, lakini lililoliwa limeliwa.

Kutoka siku hiyo mtoto akagoma kabisa. Nilimtengenezea gunzi jingine akalitupa. Nikampa la tatu, akalitupa. Siku ya nne macho yalikuwa yameingia ndani, na mimi usiku silali, nahesabu mbavu zake kwa vidole. Selemani, ambaye mdomo wake haukuwa mbaya siku zote, akasema labda tumrudishe kwa bibi yake, huenda mtoto anajua kwamba hapa hakuna mama. Aliyasema akiwa anakula. Nilitoka nje nikalia. Niliapa nitamshonea mwanasesere wa nguo, wa kweli, mwenye mikono na kichwa, kama yule wa mtoto wa karani aliyepewa na masista. Sikuwa nimewahi kushona hata kiraka. Na nguo ningeipata wapi?

Hapo ndipo akafa yule mwanamke wa chumba cha mwisho.

Alikuja na lori la manamba, wale vibarua wa mkataba kutoka mbali, na alikuwa mgonjwa tangu aliposhuka. Mumewe, kama alikuwa mumewe, alitoroka wiki ile ile. Hatukujua kwao ni wapi. Alilala ndani mlango umerudishwa, na mtu pekee aliyeingia kumpa uji alikuwa Bibi Mwanaidi, mzee wetu aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale kambini. Mimi sikuwahi kumwona sura. Niliwahi kupita mlangoni nikamsikia anaomba maji, nikajiambia wenye mikono ni wengi. Alipokufa, Bibi Mwanaidi akasema marehemu ni Mwislamu, alimsikia akitoa shahada, na lazima azikwe kama watu. Akaenda mwenyewe ofisini akambana karani mpaka akapewa merikani ya sanda, yadi zilizopimwa za kutosha kwa kubana, hakuna ya ziada.

Nilipewa mimi kuichana. Sanda kwetu haikatwi kwa mkasi, huchanwa kwa mkono, na Bibi Mwanaidi vidole vyake vilikuwa vimeshapinda. Akanionyesha mahali pa kuchana, akaingia ndani kuosha, akaniacha nje chini ya ukuta na kitambaa kipya mapajani. Sijui niwaambieje. Kilikuwa kinanukia upya. Nikachana kama nilivyoelekezwa, na kile kipande cha mwisho, cha miguuni, nikakichana tena, nikatoa kipande cha urefu wa mkono mmoja. Nikakikunja nikakiingiza chini ya kanga kiunoni.

Bibi Mwanaidi alipokuja kukabidhiwa akashangaa. Akapima, akapima tena. Nikamwambia karani amepunja, unamjua karani. Na yeye akaamini, maana karani tulikuwa hatumpendi. Basi yule mwanamke akavikwa, na miguu ikabaki nje, toka vifundoni. Wakakata majani ya mgomba kwenye mfereji wakamfunga nayo miguu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimhurumia kidogo, lakini nilikuwa namwaza Zaina, na maiti nilijua hasikii baridi.

Kesho yake nikaanza kushona. Nyie mnaonunua kila kitu dukani, mnadhani mwanasesere ni mchezo? Nilikata kwa wembe wa Selemani kichwa, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili, vipande kila kimoja mara mbili. Nikaazima sindano. Nilishona kwa nje, mshono ukakaa kama kovu. Nilipojaza sufi, zikachomoza kila upande. Mkono mmoja ulitoka mnene kuliko kichwa. Nikavifumua vyote nikaanza tena, nikajichoma vidole, nikatukana. Zaina alikaa pembeni ananitazama. Lakini alikuwa ananitazama, mnaelewa? Siku zote alikuwa anatazama ukuta.

Saa saba mchana kambi inakuwa tupu. Wanaume wako shambani, wanawake wako mferejini au wameenda kuni, na jua liko utosini, ile saa ambayo wazee walitukataza kukaa njia panda. Nikasikia hodi. Nikasema karibu bila kuinua kichwa. Akaingia mwanamke mrefu, amejitanda kaniki kutoka kichwani mpaka inaburuza chini, na alipotembea nilisikia kitu kinachakarika sakafuni, kama majani makavu. Nikadhani ni pindo la kaniki limekokota takataka. Akasema amenisikia natukana toka nje, akaona aje amtazame mtu anayetukana sindano.

Nikamwambia kama amekuja kucheka, mlango uko wazi. Hakucheka. Alikaa mkekani, miguu ameikunja ndani ya kaniki, akanyoosha mkono nikampa kile kichwa cha mwanasesere. Akakitazama muda mrefu. Nikamuuliza yeye ni wa chumba gani, akasema wa mwisho. Safu zilikuwa nyingi na kila siku watu wanaletwa na lori. Nikajua ni mgeni aliyepangiwa kile chumba. Niaminini, halikunipitikia jambo jingine. Nani hufikiria mengine mchana wa jua kali?

Alinifundisha. Lazima niseme kweli, alijua. Alinionyesha kuviweka vipande viwili vikitazamana kwa ndani, kushona pembeni na kuacha mdomo mdogo, halafu kupindua kwa kijiti mpaka mshono unaingia ndani na kitu kinatoka laini, kama mkono wa kweli wa mtoto. Alipoona nimetia fundo mwisho wa uzi, ndipo aliponichapa kofi la mkono. Kofi lilikuwa la baridi.

"Fundo la nini?" akasema. "Unamfunga nani? Uzi unaachwa hivi hivi."

Nikasema bila fundo si utafumuka. Akasema wa kwake haukufumuka. Akayakata mafundo yangu yote kwa meno, akachomoa nyuzi kutoka kwenye kitambaa chenyewe, akasema nguo ishonwe kwa uzi wake. Mimi nikaona huo ndio ufundi. Mtu asiyejua kazi hawezi kumhukumu fundi. Akikwambia chovya sindano kwenye uji, utachovya. Na kesho yake saa ile ile akarudi, akaitupa nje sufi yangu yote, akatoa pamba chini ya kaniki. Pamba ilinuka karafuu maiti. Nikajua alikuwa ameitunza kwenye sanduku, maana wengi waliweka karafuu maiti kwenye masanduku ili mende wasile nguo.

Alikuwa na chuki, mwanamke yule. Nilimpa maji akayamwaga, akasema kiu yake ilishapita. Alimtazama Zaina tu, na mtoto naye, ambaye alikuwa hasogelei mtu, akawa anajisogeza kwa makalio, taratibu, mpaka akaegemea goti lake. Wivu ulinikaba. Mimi mtoto ananikataa miezi, huyu kaja jana? Nikamvuta Zaina kwa nguvu nikamkalisha upande wangu. Yule mwanamke akasema, "Vuta. Wewe mkono wako ni wa kuvuta." Alipoondoka nilifagia vipande vya majani makavu ya mgomba mlangoni, huku nanung'unika kwamba wageni wengine hawajui hata kukung'uta miguu.

Siku ya tatu tukafika miguuni. Ile miguu niliyoikata mimi ilikuwa mifupi, nimekosea kipimo. Akaishika, akaipima na kidole chake.

"Kitambaa kimepungua hapa," akasema, akaniinulia macho. "Miguuni."

Nikasema hakuna kingine. Akasema anajua. Akaishona ile miguu kwenye kiwiliwili, na ncha zake zilizobaki wazi akazifunga kwa uchane wa jani la mgomba, mmoja kulia, mmoja kushoto. Macho alichora kwa mkaa. Nywele nikamtia mimi, za katani nyeupe, nikazisuka mikia miwili. Akanyanyuka, akatoka bila kuaga, na mimi sikumsindikiza, nilikuwa na haraka ya kumpa mtoto.

Zaina alimpokea kwa mikono miwili. Akamnusa. Halafu akanitazama usoni, haki ya Mungu sijasahau, akasema, "Mama, nipe kanga nimbebe." Mama! Nilitoa ile kanga yangu nzuri nikamfunga mwanasesere mgongoni, na jioni ile mtoto alikula sahani mbili, na Selemani aliporudi nikamwambia na sasa useme tena hapa hakuna mama. Nililala usingizi wa kwanza wa kweli tangu dada yangu azikwe.

Asubuhi Zaina hakuweza kusimama.

Hakuwa na homa. Alikuwa anaongea, tena sana, amemkumbatia mwanasesere wake, lakini kuanzia magotini miguu ilikuwa baridi kama ya kitu kilichotolewa mtoni, na nikiiweka sakafuni inajikunja. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimbeba mpaka zahanati kwa dresa wa kambi, akampa kwinini. Siku ya pili ubaridi ulikuwa umepanda juu ya magoti. Nikaitazama ile miguu na nikajiambia, ukifika tumboni je? Ukifika moyoni? Selemani alikuwa anatembea mlangoni huku na huku. Mtoto niliyemleta nimlee, aliyeniita mama mara moja, alikuwa anaondoka mikononi mwangu kuanzia chini.

Nikamwita Bibi Mwanaidi. Nikampa shikamoo yangu kwa haraka hata sikusikia alivyoitika. Alimshika mtoto miguu, akasoma dua, na hapo jicho likamwangukia mwanasesere. Akamchukua. Akaupitisha mshono kwenye kidole gumba, polepole, akarudi mwanzo akaupitisha tena. Akavuta pamba kidogo akanusa. Akaona majani ya mgomba. Akamrudisha mkekani haraka, na huyu ni mtu aliyeosha maiti toka wakati wa Mjerumani.

"Nani kakufundisha kushona bila fundo?" akaniuliza.

Nikamweleza, mwanamke wa chumba cha mwisho. Akasema chumba cha mwisho kimefungwa, ufunguo anao yeye, hajaletwa mtu. Akaniambia sanda ndiyo hushonwa bila fundo, kwa uzi wake wenyewe, ili maiti asifungwe. Na pamba ya karafuu maiti ndiyo hiyo anayowekewa. Mambo hayo yanajulikana na waoshaji. Mimi ambaye sikuwahi kuingia kuosha ningeyajulia wapi? Halafu akakigeuza kile kitambaa, akakitambua. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele. Aliniambia tu kwamba kwa ajili yangu alimsengenya karani wa watu kambi nzima, na maiti aliyemwahidi kumsitiri amemzika kwa majani.

Akaniagiza. Kitambaa nikirudishe kwa mkono wangu, saa ile ile aliyokuwa akinijia, na nikiri kwa mdomo. Yeye atanisindikiza mpaka ukingo wa makaburi, lakini mbele niende peke yangu, kwa sababu deni si lake. Zaina alilia nilipomchukua mwanasesere. Alishika mkia mmoja wa katani mpaka ukang'oka, ukabaki mkononi mwake.

Makaburi ya manamba yalikuwa nyuma ya shamba, mkonge umezunguka pande zote. Jua liko utosini. Niliona kivuli changu kimejikusanya chini ya nyayo. Nilimwacha Bibi Mwanaidi kwenye njia ya trole, vile vigari vya kubebea mkonge, akiwa na tasbihi yake, nikaingia. Na yeye alikuwepo, ameketi juu ya tuta lake mwenyewe, udongo bado mbichi. Alikuwa ameipandisha kaniki. Miguu nikaiona. Majani yalikuwa yamekauka yamechanika, na vidole vimetoka nje, vyeusi. Hata hivyo nilikwenda. Mniamini hapo, nilikwenda kwa miguu yangu.

"Nimekuletea kitambaa chako," nikasema. "Niliiba mimi. Karani hakupunja."

Alimpokea mwanasesere. Akavuta uzi mmoja tu, na kwa kuwa hakukuwa na fundo hata moja, yule mwanasesere wa siku tatu akafunguka wote kwa mara moja, pamba ikaanguka, mikono huku, kichwa huku, vikawa vitambaa tu. Akavipanga mguuni kwake kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kidonda. Vikaufunika mguu mmoja. Vikaisha.

"Umekikata," akasema. "Kingerudi kizima kingetosha yote miwili. Na huu?"

Nikasema nitampa kanga yangu. Akasema ya walio hai haivaliwi kule. Nikasema nitatafuta merikani nyingine, nitaenda Korogwe, nitaenda Tanga. Akatikisa kichwa. Akaunyoosha ule mguu wenye majani mbele yangu, karibu kabisa.

"Mguu kwa mguu," akasema. "Nichukue wako, au nibaki na wa mtoto? Sema wewe."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo huwa naruka. Nimekihadithia kisa hiki mara nyingi, na kila mara nasema alichukua kitambaa akatoweka. Si kweli. Aliniuliza. Na mimi niliyekuwa na mdomo wa kumgombeza nyapara, karani, mume na mbuzi, nilinyamaza. Niliwaza kuni. Niliwaza mtungi wa maji, na Selemani kuoa mwingine, na mwanamke asiyezaa, tena kiwete, atakula wapi. Yote hayo niliyawaza haraka haraka. Alinisubiri, wallahi alinisubiri, muda wa kumtosha mtu kusema neno moja. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu. Mimi nikatazama chini, nikaitazama miguu yangu mwenyewe.

"Nimesikia," akasema.

Nilipoinua macho kulikuwa na tuta tu, na pamba imetawanyika. Bibi Mwanaidi akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amepokea. Akanishika bega akasema mimi ni jasiri, kina mama wachache wangethubutu. Alinisamehe pale pale. Niliyapokea yale maneno na nikayabeba mpaka nyumbani.

Jioni ile mguu wa kulia wa Zaina ukapata moto. Akaukunja, akaukunjua, akacheka. Tukasubiri wa kushoto. Tulisubiri wiki, mwezi. Haukupata moto, haukupanda ubaridi, ulibaki vile vile, na mtoto alipokua wenyewe haukukua sawasawa na mwenzake. Selemani alimchongea fimbo. Bibi yake mzaa baba alikuja kutoka Handeni kumchukua kama alivyoapa, akauona ule mguu, akanitazama. Zaina akaning'ang'ania shingoni, akasema mbele ya watu wote kwamba hamwachi mama yake, mama yake alikwenda makaburini peke yake kwa ajili yake. Kambi nzima ilishamsimulia. Yule mzee akalia, akaniomba radhi, akarudi bila mtoto.

Basi nikampata. Sikuzaa tena, na sikuhitaji. Selemani alishatangulia mbele ya haki, Bibi Mwanaidi naye zamani sana. Zaina hakuolewa. Walikuja wawili, mmoja kutoka Hale, mmoja wa hapa hapa. Walipouona mguu hawakurudi. Akasema bora, atanitunza. Na ananitunza. Mimi na uzee wote huu nina macho mabovu na kifua kibovu, lakini miguu yangu haijawahi kuuma siku moja, hata mwiba wa mkonge haukuwahi kuniingia. Kila jioni, kabla sijalala, anakaa kwenye kigoda, ananyoosha ule mguu wake pembeni, anaiweka miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto anaiosha kidole kwa kidole. Nikimkataza anasema, "Mama, hii ndiyo miguu iliyokwenda makaburini."

Sijamwambia. Ninyi ndio wa kwanza. Ukipewa kitambaa cha maiti, kichane kama ulivyoambiwa na ukabidhi chote. Akikujia mtu akakufundisha kushona bila fundo, muulize kwanza anatoka wapi na umtazame akikujibu. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili: ukiulizwa, jibu. Hata kama ni jibu baya, lijibu kwa mdomo wako, maana ukinyamaza utajibiwa, na utaishi na mtu aliyelipa.

Haya, nyamazeni sasa. Nasikia fimbo yake uani, anakuja na beseni.